Mzee Kaikataa Miwani

Barua ya wiki hii nimeisoma ndani ya mwendokasi, nimesimama, natoka Kimara naelekea Gerezani, nikacheka peke yangu hadi mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Nimeifupisha, ila maneno ni yake mwenyewe:

"Dada, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia sekondari ya serikali hapa Ilala, mwaka wa tatu kazini. Mwezi uliopita nilinunua miwani ya VR Kariakoo kwa hela yangu, ili watoto wa kidato cha pili wauone moyo kwa ndani, siyo kila siku kuchora ule wa kwenye kitabu. Nikaipeleka kwanza ofisini, saa ya chai. Mkuu wa idara yetu ya sayansi, mzee anayeheshimika sana, akakubali kuivaa. Nikamwekea ile video ya kitoroli kinachopanda mlima na kushuka kwa kasi. Dada, mzee alipiga yowe, akawa anashikashika hewa, chai yote ikamwagika. Tulicheka mpaka machozi, na mwenzetu mmoja akarekodi akarusha kwenye grupu la walimu. Tangu siku hiyo mzee anasema kidude hicho kisikanyage maabara yake, ni kiini macho, na kwamba shule yenyewe haina bureti za kutosha. Wenzangu nao wameanza kumuunga mkono. Nifanyeje? Niende kwa mkuu wa shule? Na kwa nini walimu wa zamani wanaogopa teknolojia?"

Marahaba, mdogo wangu. Jibu lako nimelitafuta kwa miguu, maana sipendi kumshauri mtu kuhusu kitu ambacho sijakigusa.

Jumamosi nilishuka Kariakoo, nikakata Msimbazi, nikaingia Aggrey kwa wauza simu. Kijana wa duka la tatu alikuwa nayo, ile ya plastiki nyeusi, unachomeka simu mbele kama unavyochomeka kaseti enzi zetu. Alinitajia elfu arobaini. Nilishuka naye taratibu hadi ishirini na nane, nikamwambia kwanza nijaribu. Akachomeka simu yake. Basi nikavaa miwani, macho yangu yakaenda chini ya bahari, samaki wananipita puani, huku masikio yangu yamebaki Aggrey: "Pisha mzigo! Pisha!" na mwingine anaimba "buku, buku, buku." Mkoba nimeukumbatia kwa mikono miwili. Jamani, kufumbwa macho katikati ya Kariakoo kunahitaji imani! Nilijikuta naangalia samaki lakini akili yote iko kwenye zipu.

Nikatoa simu yangu mwenyewe, ya kawaida kabisa, tukaichomeka. Hapo ndipo somo lilipoanza. Nageuza kichwa kulia, picha imeganda. Nageuza kushoto, imeganda. Kijana akacheka: "Dada, simu yako haina jairo." Yaani jairoskopu, kile kifaa kidogo ndani ya simu kinachojua kuwa umegeuka. Simu nyingi za bei ya chini hazina, na kwenye boksi hawakuandikii kwa herufi kubwa. Bila hicho, miwani yako ni kishikio cha simu tu. Niliangalia na joto pia: baada ya dakika kumi hivi simu yake ilikuwa ya moto, na paji langu la uso linatiririka jasho mpaka kioo kikaingia ukungu. Na hiyo ilikuwa Juni. Wewe fikiria darasa la Februari lenye feni moja.

Nimekueleza yote hayo ili ujue kwamba Mzee wako hajakataa kitu kisicho na kasoro.

Sasa tuje kwenye swali lako la mwisho, maana ndilo lililoniudhi kidogo. Eti walimu wa zamani wanaogopa teknolojia. Unawaonea. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vile vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu serikali ilivigawa kwa walimu, na wazee haohao waliostahili kuogopa ndio leo wanaokutumia mtaala kwa simu, ndio wanaojua kupiga hesabu ya kikokotoo cha pensheni kwenye kishikwambi hadi senti ya mwisho. Kitu kikimfaa mtu, anajifunza usiku kwa usiku. Tuliona kwa pesa za simu: nani alimpa bibi yako semina?

Kuna mtafiti wa Marekani, Fred Davis, mwaka 1989 alichapisha maelezo yake ya kwa nini watu kazini hukubali kompyuta au kuikataa. Alipochuja yote alibakiwa na maswali mawili ambayo mtu hujiuliza kimoyomoyo: kitanisaidia kazi yangu? Na je, kitanisumbua kukitumia? Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake, Davis akiwamo, wakaongeza mengine, na mawili kati yake yanakuhusu moja kwa moja: watu ninaowaheshimu watanionaje, na kikigoma, nani wa kunisaidia. Umri umo humo, lakini hausimami peke yake.

Mpitishe Mzee kwenye maswali hayo. Kitanisaidia? Ulimwonyesha kitoroli, hukumwonyesha moyo. Kitanisumbua? Alipata kizunguzungu papo hapo. Wenzangu watanionaje? Dada yangu, video iko kwenye grupu! Mtu amefundisha miaka thelathini, nusu ya wale walimu pengine aliwapokea wakiwa mazoezini, halafu anajikuta kwenye simu za watu akipapasa hewa kama anayetafuta kitasa gizani. Na wewe ulicheka. Ungekuwa wewe, ungekiruhusu kidude hicho kirudi?

Mimi naona hapo ndipo penye kidonda. Bureti zimekuja baadaye.

Lakini bureti nazo ni za kweli, usizidharau. Mzee anakumbuka ile miaka ya 2012 hadi 2015, Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, wananchi wakachangishwa, matofali yakafyatuliwa. Vyumba vingi vilisimama. Vifaa vya kuweka ndani vikawa hadithi nyingine. Mwalimu wa rika lake ameshaona mengi yakija kwa paredi na kuondoka kimyakimya. Na kwenye hii miwani hajakosea kuwa na wasiwasi. Google walileta miwani yao ya boksi la karatasi mwaka 2014, mwaka uliofuata wakaleta na programu ya kuwatembeza wanafunzi duniani wakiwa darasani. Walimu wa nchi za watu walijifunza, wakaandaa masomo. Kufika 2021 programu ikafungwa na miwani ikaacha kuuzwa. Chaki haijawahi kukufungia huduma.

Tena mtihani wa taifa wa vitendo unamtaka mtoto ashike bureti kwa mkono wake. Afungue koki kwa mkono wa kushoto, azungushe chupa kwa wa kulia, atone tone kwa tone mpaka methili oranji igeuke kutoka njano, na asubiri, asipitilize. Lile tone moja la ziada linaloharibu kila kitu hulipati kwenye miwani. Mkono unajifunza kwa kukosea, na kioevu cha kwenye programu hakimwagiki.

Hapa naomba niingize kisa ambacho kila mwalimu wa sayansi Tanzania anapaswa kukijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Walikuwa wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji inagombaniwa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, hakusubiri yapoe. Ya kwake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akauliza darasani, akaambiwa amejichanganya. Alipoendelea kuuliza akiwa Mkwawa, Iringa, wakaifanya kichekesho, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hukohuko akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, aliyewatembelea. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 waliandika pamoja makala iliyochapishwa kwenye jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo lililopewa jina la yule kijana.

Kisa hiki kinakata pande zote mbili. Kwa Mzee kinasema: unaona, yalikuwa maziwa ya kweli na friji la kweli. Programu ingemwonyesha Mpemba kile tu ambacho mtengenezaji alishaamini, kwamba cha baridi ndicho kinachotangulia kuganda, na mambo yangeishia hapo. Kwa hiyo majaribio ya mikono yasiondoke. Kwako na kwa Mzee pamoja kinasema: anayecheka kabla ya kujaribu huwa anajikosesha. Walimcheka Mpemba kwa swali lake, ninyi mkamcheka Mzee kwa kizunguzungu chake. Sioni tofauti kubwa.

Na kizunguzungu chenyewe si ushamba. Macho yanauambia ubongo "tunateremka mlima," lakini sikio la ndani, linalopima mwendo, linajibu "tumekaa kwenye kiti, tunakunywa chai." Ubongo unachanganyikiwa, tumbo linapinduka. Ni jirani wa kile kichefuchefu cha kusoma simu kwenye basi la Tanga. Katika video zote duniani, ulimchagulia ile inayotapisha zaidi. Ungemkalisha, ukamwekea kitu kilichotulia kama moyo uliosimama akiutazama kwa kugeuza shingo polepole, dakika mbili, basi, angekuwa mtu mwingine.

Haya, tuseme Mzee amekubali. Darasani utafanyaje? Umeandika pembeni kwamba mkondo wako una wanafunzi 72. Kipindi dakika 40. Miwani moja. Piga hesabu: kila mtoto sekunde 33, na hapo hujahesabu kukaza mkanda juu ya ushungi, kufuta kioo, na yule anayesema "madamu, mimi sioni." Hiyo ni foleni ya kupiga picha ya kitambulisho. Mzee akikuona hivyo atakuwa na haki ya kukurudisha ubaoni.

Mimi ningefanya hivi. Ningeiweka miwani pembeni mwa maabara siku ya vipindi viwili mfululizo, iwe kituo kimoja kati ya vituo sita. Watoto kumi na wawili kila kituo. Hapa hadubini, hapa moyo wa mbuzi (machinjioni wanauza, na huo mtoto anautia kidole ndani ya vali akaisikia), hapa wanahesabu mapigo yao baada ya kuruka, hapa mchoro, hapa maswali ya mitihani iliyopita. Kwenye miwani wasiingie wote. Wawili wa kila kundi wavae, waliobaki wawaulize na kuandika wanachosikia: ukuta wa kushoto na wa kulia, upi mnene? Kwa nini? Wiki ijayo wavae wengine. Mtoto anayeeleza alichokiona kwa wenzake wasiokiona anajifunza kuliko aliyekaa kimya anashangaa.

Hilo la kueleza si langu. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, Parong na Mayer, mwaka 2018 waliwalinganisha wanafunzi waliosafiri ndani ya mishipa ya damu kwa miwani na waliosoma mambo hayohayo kwa picha za slaidi. Wa miwani walifurahi zaidi. Wa slaidi walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani. Halafu wakawafanya wengine wa miwani wasimame kila kipande na kuandika muhtasari kwa maneno yao, na hao wakajifunza zaidi ya waliotazama tu mfululizo. Mwaka uliofuata likatoka chapisho la Makransky wa Denmark na wenzake, kuhusu maabara ya kwenye miwani, na matokeo yakaelekea hukohuko: mtu anajiona yumo kabisa, lakini kichwani kinaingia kidogo kuliko kwa aliyetazama kwenye kioo cha kompyuta. Mshangao unakula nafasi ya kufikiri. Mpe Mzee habari hizi wewe mwenyewe, usisubiri azigundue. Anayetaja kasoro za bidhaa yake kwanza, mteja hukaa kusikiliza. Wa Aggrey wanalijua hili, ingawa hawalifanyi.

Usafi, mdogo wangu. Mwanzoni mwa 2024 Dar nzima tulitembea na macho mekundu, tukawa hatupeani hata mkono. Sasa kitu kinachogusa kope za watoto kumi na wawili asubuhi moja, bila kufutwa, mzazi gani atakuelewa? Pamba na spiriti viwepo, kila anayevua anafuta, mwenye jicho linalowasha asivae. Mwenye kifafa asivae kabisa, na hilo uliza kwa siri, siyo mbele ya darasa. Anayehisi kizunguzungu avue bila kuchekwa. Miwani ya bei kubwa ina mipaka ya umri pia. Meta, moja ya kampuni zinazoitengeneza, kwa muda mrefu walisema miaka 13 na kuendelea, mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa ruhusa ya mzazi. Watoto wako wa kidato cha pili wako salama kwa hesabu hiyo, ila dakika chache zinatosha.

Lugha usiisahau. Video nyingi za moyo na seli zinasimuliwa Kiingereza cha mbio, cha Kimarekani. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili juzijuzi ataona rangi, maneno yatampita. Zima sauti. Simulia wewe. Na hapo Mzee atagundua kitu ambacho hakuna aliyemwambia, kwamba miwani haimwondoi mwalimu, bila sauti yake haifundishi.

Kama miwani moja inaonekana ni fujo, anza na ngazi ya chini yake. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder wana majaribio ya kwenye kioo yanayoitwa PhET, yalianzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Ni bure, yapo yenye tafsiri ya Kiswahili, na unaweza kupakua ukayatumia bila bando. Si VR, lakini hayaleti kichefuchefu na yanafunguka kwenye kishikwambi ambacho Mzee tayari anacho kwenye droo. Fizikia ya umeme ipo humo, asidi na besi zipo. Mwambie, "Mzee, nisaidie kuona kama hili linafaa kabla ya maabara, watoto wazoee kusoma vipimo halafu ndipo tuwape bureti zetu chache." Unaona nilivyosema bureti zetu? Umeingia upande wake. Akiona bureti hazivunjiki ovyo kwa sababu watoto wamekuja wanajua wanachofanya, hapo swali la kwanza la Davis limejijibu.

Mkuu wa shule? Usiende. Ukiingia ofisini kwake na malalamiko, atakachofanya ni kutoa agizo, na miwani iliyoingia kwa agizo itakaa kabatini na ufunguo ukapotea. Nenda baadaye, na Mzee akiwa mbele yako, andalio la somo mkononi, mkaombe mashine mbili za bei nafuu zenye jairo. Na michango ya wazazi usiiguse. Elimu bila ada ilipoanza 2016 waraka ulikuwa wazi, usije ukaitwa kujieleza kwa ajili ya plastiki ya elfu ishirini na nane.

Ninyi walimu wakongwe mnaosoma kona hii huku mkitabasamu, sijawasahau. Mnayo haki ya kuuliza bureti ziko wapi. Lakini mada ya mgawanyiko wa seli mmeifundisha miaka yote kwa chaki tatu za rangi, na mnajua wenyewe ni watoto wangapi waliikariri bila kuiona. Kaeni kwenye kiti, vaeni mara moja, dakika mbili. Mkikataa baada ya hapo, mmekataa kwa hoja, na binti wa watu atazijua ni zipi.

Kwako sasa, mdogo wangu. Kabla ya kishikwambi, kabla ya moyo wa mbuzi, yule mwenzako aliyerusha video aifute kwenye grupu, leo. Jumatatu nenda kwa Mzee peke yako, siyo saa ya chai. Mwombe radhi. Usipeleke miwani siku hiyo, peleka chapati. Akiuliza mwenyewe kuhusu kile kidude, na atauliza, mkalishe, mfungulie moyo, zima sauti, shika bega lake ili ajue uko hapo.

Na simu yako ya picha iache kwenye mkoba.